Mnara Umefika, Fundi Yuko Wapi?

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa ni mtumishi wa umma, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ulyankulu)



Ndugu Katibu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya "teknolojia na maendeleo". Mada hiyo ni pana kama mbuga, na mtu akiingia humo bila njia hutoka jua limekwisha kuchwa. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niipunguze. Nitasema juu ya jambo moja tu: fedha za ruzuku zinazoletwa kujenga mawasiliano katika sehemu za mbali kama hapa kwetu, na watu wanaotakiwa kuyatunza mawasiliano hayo mtoa ruzuku akishaondoka.

Ninayo sababu. Katika mkutano wa mchana tutaletewa pendekezo kwamba fedha zote tulizochanga zinunue kompyuta za shule. Nusu ya pendekezo hilo naiunga mkono, na nusu naipinga. Naomba mnisikilize kabla hamjanyoosha mikono. Nasema kama mtoto wa shule hii, si kwa niaba ya ofisi ninayoitumikia.

Kisiwa katikati ya pori

Ndugu zangu, kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Ulyankulu ilianzishwa mwaka 1972 ndani ya pori la miombo ili kuwapokea ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi. Vijiji vikakatwa kwa barabara, na barabara zikapewa namba, ndiyo maana hata leo mtu akiulizwa kwao hutaja namba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu walikuwa wengi kuliko maji na ardhi, na baadhi yao wakahamishiwa Mishamo. Kwa miaka mingi mkimbizi hakutoka makazini bila kibali mkononi. Hicho kilikuwa kisiwa kamili, ijapokuwa hakukuwa na ziwa.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2012 wilaya ya Kaliua ilizaliwa kutoka Urambo. Mwaka 2014 Serikali ilitangaza uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kibali kimekwisha. Lakini umbali haujaisha, na masika bado ni masika.

Nawakumbusha wadogo zetu jambo moja la fahari. Kabla ya minara yote hii, Watanzania wengi walilijua jina la Ulyankulu kwa sababu ya Kwaya ya Barabara ya 13. Kanda zake zilisikika kwenye mabasi na majumbani mpaka pwani, wakati barua ya mzazi kwenda Dar es Salaam ilikuwa ikichukua majuma. Watu wa hapa hawakukosa la kusema wala uwezo wa kulisema. Kilichokosekana ni njia.

Leo njia hiyo inaitwa mtandao, na si anasa tena. Kijana akimaliza kidato cha sita, mkopo wa elimu ya juu anauomba kwa mtandao. Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yanatolewa kwa mtandao. Malipo ya Serikali yanahitaji ile namba mnayoiita kontroo namba, nayo hutolewa na mtambo. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapita katika mfumo wa NeST, maana yake hata fundi seremala wa Kaliua anayetaka kutengeneza madawati ya shule lazima apite huko. Kwa hiyo neno "mtandao unasumbua", ambalo mjini ni kero ya saa moja, hapa laweza kuwa mwaka mzima wa kijana uliopotea. Anakwenda steshenari, anakaa siku nzima, anarudi kesho yake, na siku ya mwisho ya maombi inapita.

Fedha zinakotoka

Watu wengi hudhani kampuni ya simu hujenga mnara popote penye watu. Sivyo. Kampuni hujenga penye faida. Penye kaya zilizotawanyika, pasipo umeme wa gridi na penye barabara mbaya, hesabu haikubali: mafuta ya jenereta, betri, mlinzi na safari za fundi hula mapato yote. Ndiyo maana mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao wengi tunauita kwa kifupi UCSAF, nao ukaanza kazi mwaka 2009. Mfuko huu hupokea tozo kutoka kwa makampuni ya mawasiliano yenyewe, pamoja na fedha za Serikali na za washirika wa maendeleo. Kisha hutangaza kata zisizo na mawasiliano, makampuni yanashindana, na inayoshinda hupewa ruzuku ya kuziba lile pengo la hasara.

Kazi hiyo si ndogo. Mwezi Mei 2023, mjini Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya shilingi bilioni 126. Benki ya Dunia nayo ilikuwa imeidhinisha mwaka 2021 mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa Tanzania ya Kidijitali. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2009, Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mwaka ule ule ambao mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam. Tabora imo katika Mkongo huo. Nasema haya ili asije mtu akasema nimekuja kulaumu. Fedha zimetafutwa, na chuma kimesimama.

Swali langu ni jepesi: kati ya fedha zote zinazopita namna hii, za Serikali, za wafadhili, na hizi zetu za mchango, ni kiasi gani kinachoingia katika kichwa na mikono ya kijana wa Barabara ya 13 au wa kijiji jirani? Mnara umefika. Fundi yuko wapi?

Waliopita njia hii kabla yetu

Sisi wa sehemu hizi tusingepaswa kuulizwa swali hilo, maana historia yetu imelijibu mara mbili.

Mara ya kwanza ni katika karne ya 19. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikafika Tabora, ikaendelea hadi Ujiji. Makao ya Mtemi Mirambo, Iselamagazi, yalikuwa katika nchi hii hii ya Ulyankulu, na alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, njia ya kwenda Ujiji ilizibika hata wageni wakubwa wakalazimika kuzunguka. Mirambo alifariki mwaka 1884. Lakini nataka tuwaangalie waliobeba mizigo. Njia ile haikuwa na lami wala daraja. Njia ilikuwa watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, akapatana ujira wake, akajua wapi pana maji na wapi pana hongo. Mbele yao alikwenda kirangozi, aliyeijua njia kichwani. Mwenye mali wa pwani angeweza kuwa na vitambaa na shanga nyumba nzima, lakini bila wapagazi na kirangozi mali hiyo ilibaki Bagamoyo ikiliwa na mende.

Mara ya pili ni reli. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Reli haikuachwa ijitunze. Mafundi wa njia waligawiwa vipande vyao, wakajengewa nyumba kando ya reli, na kila kipande kikawa na watu wanaokijua kama mkulima anavyolijua shamba lake. Tabora ikapata Chuo cha Reli. Kuna wazee hapa mkoani ambao hawakupata kidato cha nne, lakini wakisikia mlio wa gurudumu wanajua ugonjwa wake.

Mtandao wa sasa umekuja kwa namna nyingine. Chuma kimeletwa, na mwenye kukijua amebaki mbali.

Nilipokuwa mdogo palikuwa na taasisi moja katika sehemu hizi iliyokuwa na simu ya upepo. Mgonjwa akizidiwa, tulikimbilia huko. Bwana mmoja tu ndiye aliyejua kuiendesha. Akienda likizo, mtambo ulikuwa mzima, betri ilikuwa imejaa, na sisi tulikuwa bubu. Taasisi ile ilikuwa na fedha za kununua mtambo, lakini haikuona haja ya kumfundisha mtu wa pili.

Siku tatu za warsha

Mtu ataniambia, "Lakini katika kila mradi mbona kuna fungu la mafunzo?" Lipo. Naomba niseme lilivyo, maana nimesoma maandiko mengi ya miradi katika kazi yangu. Ukurasa wa kwanza ni vifaa. Wa pili ni magari na mafuta. Wa tatu ni ushauri wa wataalam. Chini kabisa utakuta mstari mmoja: "Mafunzo kwa walengwa, siku tatu." Siku ya kwanza ni kujiandikisha na ufunguzi. Siku ya pili ni mada. Siku ya tatu ni cheti, picha ya pamoja, na posho. Nani katika sisi amepata kuona fundi baiskeli aliyefunzwa kwa siku tatu? Kijana hukaa chini ya mwembe na fundi mkubwa miezi na miezi, akishika spana, akiharibu na kutengeneza, mpaka mkono wake uwe na akili. Baiskeli ina mnyororo na magurudumu mawili. Je, mtandao?

Tazameni kazi yenyewe. Waya wa Mkongo una nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Greda la barabara likiukata, lazima apatikane mtu mwenye kifaa cha kupeleka mwanga ndani ya uzi na kupima ni umbali gani mwanga huo umegonga mwisho, kisha aunganishe nyuzi moja moja kwa kuziyeyusha. Mnara wa porini hutegemea jua na betri. Betri ikichoka, mnara unalala saa mbili usiku. Dishi likisogezwa na upepo kidogo tu, haliuoni tena mnara mwenzake. Radi ya Tabora mnaijua wenyewe. Na ndani ya majengo yetu kuna vumbi, panya wanaotafuna nyaya, na umeme unaopanda na kushuka kama homa.

Niliwahi kufika katika shule moja ya sekondari, mkoa mwingine, wala sitaitaja. Nikafunguliwa chumba cha kompyuta kwa heshima kubwa. Zote zilikuwa zimefunikwa vitambaa vilivyotariziwa, kama redio ya babu sebuleni. Nikauliza zinatumika lini. Nikajibiwa kwamba kifaa kidogo kinachozigawia mtandao kiliungua kwa radi, ni muda sasa. Fundi alipoitwa kutoka mjini, nauli, malazi na posho yake vilizidi mara kadhaa bei ya kifaa chenyewe, na shule haikuwa na fungu hilo. Aliyetoa msaada ule aliandika katika taarifa yake idadi ya kompyuta, na idadi hiyo ilikuwa sahihi. Zilikuwepo zote.

Wenzetu wamefanyaje?

Si kwamba jambo hili haliwezekani. Nitatoa mifano miwili ya karibu na mmoja wa mbali.

Wa kwanza ni Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2007, wakati watu walikuwa bado katika makambi kwa sababu ya vita vya LRA, mradi uitwao BOSCO, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ulipeleka mtandao wa redio katika makambi hayo. Walitumia kompyuta zinazokula umeme kidogo, zikiendeshwa kwa jua na betri, na wakawafundisha watu wa makambi yale yale kuvisimamia vituo. Vita vilipopoa na watu wakarudi vijijini, makambi yalifungwa, lakini ujuzi haukufungwa. Sisi tuliozaliwa katika makazi tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Wa pili ni kisiwa chenyewe hasa: Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, Kongo. Huko mwaka 2016 ulianzishwa mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net, ukivuta mawimbi kutoka ng'ambo ya ziwa, na vijana wa kisiwani wakahusishwa katika kuuendesha. Kumngoja fundi avuke ziwa kila betri inapokufa ni kazi isiyo na mwisho.

Mfano wa mbali ni Marekani. Mtu angedhani nchi yenye mitambo mingi vile haina shida ya mafundi. Hata hivyo Shirika lao la Taifa la Sayansi, NSF, kuanzia mwaka 2017 lilikuwa na utaratibu wa ruzuku maalum kwa ajili ya kuwafundisha watu wa kuhudumia na kutumia mitambo mikubwa ya kompyuta na mitandao ya utafiti. Waliona kwamba ukinunua mtambo bila kununua ujuzi umenunua sanduku. Kama wao wenye vyuo vikuu kila kona wamelazimika kulitengea fungu lake, sisi wa Kaliua tunangoja nini?

Na hapa nchini nuru imeanza kuonekana. UCSAF imekuwa ikiwapeleka walimu wa shule za umma kwenye mafunzo ya TEHAMA katika vyuo vikuu vyetu, na kule Zanzibar imesaidia kujenga vituo vya TEHAMA Unguja na Pemba. Mafunzo ya walimu ni mafupi, lakini ni mlango. Aliye mlangoni lazima abishe hodi.

Majibu kwa wenye mashaka

Nimekwisha kuzungumza na baadhi yenu tangu jana, na mashaka niliyoyasikia ni matatu.

La kwanza: "Mnara ni mali ya kampuni. Kijana wetu hataruhusiwa hata kuugusa." Ni kweli. Wala sisemi tuvunje uzio. Lakini kampuni hutumia makandarasi kutunza minara yake, na kandarasi akimpata fundi mwenye cheti anayeishi jirani na mnara, huokoa safari ya gari kutoka Tabora. Zaidi ya hapo, mnara ni nusu tu ya mtandao. Nusu ya pili iko upande wetu: shuleni, zahanati, ofisi ya kata, chama cha msingi cha tumbaku, steshenari. Huko hakuna kampuni itakayokuja. Huko ni kwetu.

La pili: "Tukiwafundisha watakimbilia Dar es Salaam." Wengine watakwenda. Hata wapagazi walikwenda pwani, na wengi walirudi na nguo na maarifa. Dawa ya hilo si kuwanyima watu elimu. Dawa ni kufundisha wengi kuliko tunaowahitaji, kuwachagua wenye mizizi hapa, na kuhakikisha wana kazi ya kuwalisha. Fundi wa mtandao katika sehemu kama hii hawezi kuishi kwa mtandao peke yake. Atatengeneza simu, atafunga umeme wa jua, atatengeneza redio ya kanisa na spika za msikiti. Na nawasihi, tusiwasahau wasichana. Msichana aliyefungua duka la ufundi kwao ni vigumu kumng'oa.

La tatu: "Serikali itafanya." Serikali imefanya na itaendelea kufanya. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na likatutahadharisha tusitegemee misaada na mikopo ya nje. Lilipotaja tunavyohitaji ili tuendelee, liliwaweka watu mwanzo. Miaka mingi imepita, na mengi ya wakati ule yamebadilika. Hilo halijabadilika. Wahenga nao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ruzuku ni mgeni wa heshima, tuipokee, tuipikie. Ila siku ya tatu jembe litoke nje, na washikaji wa kwanza wa jembe hilo tuwe sisi wenyeji.

Ninayopendekeza

Sasa nakuja kwenye fedha zetu. Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo manne, na naomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, theluthi mbili za mchango wetu zinunue kompyuta na vifaa vyake, pamoja na vya kuzuia radi na vya akiba. Theluthi moja isiguswe kwa vifaa. Iwe ya watu.

Pili, kwa theluthi hiyo tuwasomeshe vijana wanne waliomaliza hapa, wasichana wawili na wavulana wawili, katika vyuo vya VETA vya mkoa wetu, fani za umeme na TEHAMA, kisha wafanye uanagenzi kwa mafundi walio kazini. Nawaomba wenzetu mlio katika makampuni ya simu, TTCL na halmashauri mtusaidie kupata nafasi hizo. Barua moja yenu ina thamani kuliko michango yangu ya miaka miwili.

Tatu, shule itie saini mkataba mdogo na vijana hao wa kutunza kompyuta kwa ujira unaojulikana, kila muhula. Wakitaka vitendea kazi vya biashara yao, waunde kikundi na kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni fungu la vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ipo kwa ajili yao, tena kisheria.

Nne, kuanzia leo, kila tutakapoandika barua ya kuomba ruzuku, iwe kwa Mfuko, kwa halmashauri au kwa mfadhili wa nje, tusianze na sentensi "tunaomba kompyuta 20". Tuanze kwa kusema ni nani atakayezitunza, amesoma wapi, atalipwa na nani, na kifaa kikiungua Jumatatu kitatengenezwa lini. Nawahakikishia, mtoa ruzuku mwenye busara akiona barua ya namna hiyo huisoma mara mbili. Asiye na busara atatupa kompyuta bila masharti, nazo tutazivika vitambaa.

Neno kwa wanafunzi

Wadogo zangu, wengi wenu mkiulizwa mnataka kuwa nani, mnasema daktari, mwanasheria, mbunge. Ni vyema, na wilaya inawahitaji wote hao. Lakini jueni kwamba daktari wa hapa anatuma taarifa zake kwa mtandao, mwanasheria anafungua shauri kwa mtandao, na mbunge tunamtafuta kwa simu. Anayewaunganisha wote hao ni mtu mwenye spana, ngazi na kichwa kilichotulia kwenye hesabu za umeme. Somo la fizikia mnalolikimbia ndilo linaloeleza kwa nini mwanga huakisiwa ndani ya uzi wa kioo bila kutoka nje. Babu zetu wengine walibeba pembe hadi Bagamoyo, na wengine walilaza mataruma ya reli. Mzigo wenu hauna uzito begani, lakini unataka mtu aliyefunzwa kweli.

Ndugu Mwenyekiti, kompyuta tutazinunua, na zitazeeka. Baada ya miaka michache zitakuwa za kutupwa. Fundi wa miaka 20 akifunzwa vizuri mwaka huu atatufaa kwa miaka 40, naye atawafunza wengine. Mimi ni mtumishi wa umma, nimezoea kuulizwa thamani ya fedha. Katika hesabu zote nilizowahi kuzipitia sijaona iliyo wazi kuliko hii.

Naomba kura zenu mchana huu.